Printa ya Ofisi Ipewe Anwani ya Kudumu

Katika somo la robo hii tunaitazama printa ya mtandao, yaani ile inayotumiwa na kompyuta zote za ofisi. Hapa kwetu Makole umeme ukikatika na kurudi, huenda mhasibu akaagiza stakabadhi na karatasi isitoke. Printa inawaka, wino upo. Kamati ikifika hapo huanza kuandika ombi la fedha za printa mpya, kumbe mashine ni nzima.

Mara nyingi tatizo ni anwani. Kila kifaa kwenye mtandao hutambuliwa kwa namba, mfano 192.168.1.105. Namba hizo hugawiwa na ruta kwa huduma iitwayo DHCP, nazo ni za kuazima kwa muda. Umeme ukirudi vifaa huomba upya, na printa inaweza kupewa namba nyingine. Kompyuta nazo huendelea kupeleka kazi kwenye namba ya zamani, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Dawa yake ni kuipa printa anwani isiyobadilika. Chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye printa yenyewe ili uione anwani iliyopo. Iandike kwenye kivinjari cha kompyuta, na ukurasa wa usimamizi utafunguka. Kisha angalia ruta inagawa namba zipi. Tuseme ni 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199: printa ipewe namba iliyo nje ya hizo, mfano 192.168.1.20, pamoja na 255.255.255.0 na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1. Ukichukua namba iliyo ndani ya mgawo, siku moja ruta itakipa kifaa kingine namba hiyo hiyo na viwili vitagongana. Ruta nyingi pia zinaweza kuitengea printa namba moja daima. Sisi tunapendelea njia hiyo, maana fundi ajaye ataona kila kitu mahali pamoja. Baada ya hapo kila kompyuta ielekezwe kwenye anwani mpya.

Sehemu ya pili husahaulika, nayo ndiyo nzito. Printa nyingi hutoka kiwandani zikiwa na huduma kadhaa zilizo wazi, na baadhi hazina nywila. Kwa kuchapa, ofisi ndogo inatosheka na mlango namba 9100, au 631 unaotumiwa na IPP. Telnet na FTP zizimwe. Tena printa isifunguliwe kamwe kuelekea intaneti: mwishoni mwa Novemba 2018 mtu mmoja alidai kutuma karatasi kwenye printa zipatazo 50,000 duniani kupitia mlango huo wa 9100 ulioachwa wazi.

Kwetu hilo si mzaha. Majina ya wajane, ya watoto wanaolipiwa ada na ya wagonjwa wanaosaidiwa hupita humo, na baadhi ya printa hubaki na nakala kwenye kumbukumbu yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inatudai tuzilinde taarifa hizo. Wafadhili waliotukabidhi majina yao nao wanatarajia hivyo.

Kazi yote haizidi asubuhi moja. Anwani mpya ibandikwe ubavuni mwa printa; nywila ifungiwe kabatini kwa katibu.