Kabla ya Kuacha Ziwa, Hesabu Umri wa Mtoto

Mwezi huu tutazame jambo ambalo wengi hawalioni kuwa la afya: kubadili kazi wakati nyumbani kuna mtoto mchanga. Huku kwetu Kigoma na Ujiji, mvuvi akishapata mtoto mara nyingi hutamani kuacha ziwa na kulima michikichi. Wazo hilo ni jema. Uvuvi wa dagaa ni kazi ya usiku na ya hatari, na samaki wamepungua. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Lakini wazo jema lisilo na mpango linaweza kumdhoofisha mtoto.

Tufanye hesabu. Mchikichi wa aina ya Tenera, ambao mbegu zake huzalishwa na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga hapa Kigoma, huanza kuzaa baada ya miaka 3 hivi. Mtoto naye hujengwa mwili na akili hasa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba itungwe hadi atimize miaka 2. Basi, baba akiacha mtumbwi na kupanda miche mwezi ule ule mtoto anapozaliwa, siku hizo zitakwisha kabla mkungu wa kwanza haujakatwa. Mtoto aliyedumaa katika kipindi hicho ni vigumu kurudishiwa alichopoteza, hata shamba likizaa sana baadaye.

Kwa hiyo fuateni hatua hizi:

1. Kaeni wawili, baba na mama. Andikeni matumizi ya mwezi: unga, kitoweo, sabuni, nauli ya kliniki, dawa. Fedha hiyo lazima ipatikane kila mwezi hata kabla shamba halijazaa.

2. Msiache kazi ya zamani kwa siku moja. Siku za mbalamwezi, ambapo taa za wavuvi hazivuti dagaa, zitumieni kuandaa shamba.

3. Pandeni maharage, karanga na mahindi kati ya miche ingali midogo. Wekeni kwanza akiba ya nyumbani, ndipo muuze.

4. Mama asiachiwe shamba lote. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, kisha apewe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi.

5. Baada ya miezi 6, uji wake utiwe unga wa dagaa safi waliokaushwa juu ya chanja, pamoja na mawese kidogo. Wekundu wa mawese ndio wenye vitamini A. Msiyachemshe hadi yapauke.

6. Mpelekeni kliniki kila mwezi. Uzito usipopanda, mwoneni mhudumu wa afya mara moja, na mpunguze mwendo wa mabadiliko.

Jioni ya leo, chukueni kadi ya kliniki. Kwenye karatasi andikeni tarehe ambayo mtoto atatimiza miaka 2, na chini yake tarehe ambayo kazi mpya itaanza kuleta fedha. Kama tarehe ya pili iko mbele ya ya kwanza, jibuni swali moja: katika muda huo, mtoto atakula nini? Mkiisha kupata jibu, ndipo baba auze nyavu.