Rangi Haikunyimi Kura Marekani, Masharti ya Jimbo Yanaweza

Ukishaapa na kupewa cheti cha uraia wa Marekani, hakuna ofisa mwenye ruhusa ya kukunyima kura kwa sababu ya rangi yako. Kinga hiyo imo katika Marekebisho ya 15 ya Katiba, yaliyoidhinishwa Februari 3, 1870, hata miaka mitano haijatimia tangu utumwa ufutwe. Yanaikataza serikali kuu na kila jimbo kumnyima raia kura kwa sababu ya mbari, rangi au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa.

Lakini yanakataza sababu hizo tu. Wanawake, kwa mfano, walisubiri hadi 1920. Majimbo ya Kusini nayo yaliuona mwanya mapema, yakatunga masharti yasiyotaja rangi popote: kodi ya kichwa, mtihani wa kusoma, na msamaha kwa yule ambaye babu yake aliwahi kupiga kura. Babu wa Mweusi alikuwa mtumwa, angepigia wapi? Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi zaidi ya 130,000 mwaka 1896; kufikia 1904 walibaki kama 1,300. Mahakama Kuu ilifuta kanuni ya babu mwaka 1915, ila mitihani ilidumu hadi Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965, iliyotiwa saini miezi michache baada ya polisi kuwapiga waandamanaji huko Selma, Alabama.

Masharti bado hutofautiana. Kuna majimbo yanayofunga daftari wiki kadhaa kabla, mengine huandikisha siku ya kura, na North Dakota haiandikishi kabisa. Kaulize ofisi ya uchaguzi ya kaunti yako. Ndugu aliye jimbo jingine atakueleza ya kwao.

Sheria ya shirikisho hailazimishi karatasi za kura za Kiswahili. Hata hivyo, asiyeweza kusoma karatasi anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemtaka, hata mwanawe, ila si mwajiri wake wala kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Jina lako lisipoonekana kituoni, usiondoke: omba kura ya muda, ambayo huhesabiwa ukithibitishwa kuwa unastahili.

Kama bado una kadi ya ukaazi wa kudumu, usijiandikishe, hata karani wa leseni za udereva akikupa fomu. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa shirikisho ametenda jinai, na anaweza kufukuzwa nchini.