Vidonge vya Moyo Visiwe Siri ya Mmoja



Siri zinazovunja amani ya nyumba ni nyingi, na moja isiyozungumzwa sana ni siri ya vidonge. Tuchukue mfano wa mume anayeishi Umoja. Moyo wake ulikuwa ukidunda mbio hata akiwa ameketi, naye akaandikiwa atenololi. Baada ya majuma machache moyo umetulia, lakini nguvu za unyumba zimepungua. Hamwambii mkewe, wala hamwambii daktari. Anaacha vidonge kimya kimya. Mke naye, akiona anageuziwa mgongo kila usiku, anaanza kushuku kwamba kuna mwingine kule Donholm.

Je, ni nini kilichotokea? Dawa za jamii hii huzuia adrenalini isiuchochee moyo. Propranololi, iliyotangulia kutumika sana, ilitokana na utafiti wa James Black wa Uingereza katika miaka ya 1960, na mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobeli. Ni dawa nzuri. Hata hivyo baadhi ya wanaume hupungukiwa nguvu wanapozitumia, na mwenye pumu zinaweza kumbana kifua. (Tusizisingizie kila jambo: kisukari, shinikizo la damu na hofu yenyewe huleta tatizo hilo hilo.) Hatari kubwa ni kuziacha ghafla. Moyo uliozoea kuzuiwa huachiliwa kwa mara moja, ukaenda mbio kuliko mwanzo, na kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba huweza kuleta shambulio la moyo. Daktari anaweza kupunguza dozi polepole au kubadilisha dawa, lakini hawezi kufanya hivyo asipoambiwa. Wala usikimbilie vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Vikikutana na ile dawa ya kifua inayowekwa chini ya ulimi, shinikizo la damu huweza kuporomoka hata mtu akafa.

Sasa tuje kwa akina mama. Katika mitaa yetu, ambako wengi hulala chumba kimoja, maumivu ya koo huambukizwa upesi kati ya watoto. Yasipotibiwa vizuri, baadhi yao hupata homa inayoharibu vilango vya moyo, na madhara huonekana miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa mwanamke aliyekwisha kuolewa. Vyumba vya juu vya moyo huanza kutetemeka badala ya kupiga. Damu hutuama humo na kuganda, na bonge likipanda kichwani huleta kiharusi. Ndiyo maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi hupewa dawa mbili: digoksini ya kupunguza mwendo wa moyo, na wafarini ya kuzuia damu isigande.

Digoksini inatokana na jamii ya mimea ambayo daktari Mwingereza William Withering aliandika habari zake mwaka 1785. Umbali kati ya dozi inayosaidia na ile inayodhuru ni mdogo sana. Hata mwenye figo nzima huhitaji siku moja na nusu hadi mbili kuondoa nusu tu ya dawa iliyo mwilini, na figo zikichoka dawa hujilimbikiza. Hapo mgonjwa hukosa hamu ya chakula, hutapika, huchanganyikiwa, au huona vitu vikiwa na rangi ya manjano. Mama wa Kayole akitapika asubuhi, jirani husema ni homa ya matumbo, mama mkwe hutabasamu akidhani ni mimba, na duka la dawa humuuzia klarithromaisini, ambayo huzidisha digoksini mwilini! Vidonge vya kukojoza maji kama Lasix navyo hupoteza potasiamu, na potasiamu ikipungua digoksini huwa kali zaidi.

Mume, hapa una kazi. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wake, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Robo dakika haitoshi kwa moyo usio na mpango. Yakiwa chini ya 60, ulizeni hospitalini kabla ya kumeza dozi inayofuata. Akisahau dozi moja, asimeze mbili kwa pamoja.

Kuhusu wafarini, sukuma wiki na managu hupunguza nguvu yake. Msiache kuzila, ila kiasi kisibadilike ovyo juma hadi juma, na vipimo vya damu visikosekane. Aspirini na Brufen asimeze bila kuuliza, maana anaweza kutokwa damu. Jambo zito zaidi ni mimba. Wafarini huweza kumlemaza mtoto tumboni, hasa kati ya juma la 6 na la 12, wakati ambapo wengi wenu hata kliniki hamjaenda. Basi nendeni wote wawili kwa daktari kabla ya kutafuta mtoto, na siku zikichelewa, nendeni mara moja. Asiiache mwenyewe kwa hofu, kwa sababu bonge la damu laweza kumuua yeye pamoja na mtoto. Daktari ana njia ya kumbadilishia, kwa mfano kwa sindano za heparini.

Wanaotumia amiodaroni wajue kwamba huongeza nguvu ya digoksini na wafarini, na hukaa mwilini majuma mengi hata baada ya kuachwa. Mkisafiri nyumbani Siaya au Busia kwa Krismasi na malaria ikampata, mwonyesheni mhudumu vidonge hivyo kwanza. Lumefantrini na kwinini zinaweza kuvuruga mapigo. Si ajabu: kwinidini, nduguye kwinini, ilitumika miaka mingi kama dawa ya moyo.

Na katika nyumba ya chumba kimoja, meza ya televisheni si mahali pa vidonge hivi. Digoksini ni kidonge kidogo, na vichache tu vyaweza kumuua mtoto. Viwekeni juu, katika kopo lenye kifuniko kigumu. Mtoto akivimeza, msingoje dalili wala msimtapishe. Mkimbizeni Mama Lucy, Mater au hospitali yoyote iliyo karibu, mkibeba na kopo lenyewe.