Nilishaungama. Je, Kwenye Fomu ya Viza Niandike?



Tunaendelea na amri ya nane. Swali la leo limetoka kwa kijana wa VIWAWA, Mbagala. Miaka minne iliyopita, akiwa kwenye bodaboda, alimgonga mama aliyekuwa anavuka barabara. Akafikishwa mahakamani, akatiwa hatiani kwa kuendesha bila uangalifu, akalipa faini. Aliungama, na yule mama akamsaidia gharama za matibabu. Sasa amepata nafasi ya chuo Uingereza, na fomu ya viza inamuuliza kama amewahi kutiwa hatiani au kupewa adhabu kwa kosa la udereva, iwe nchi yoyote. Jamaa anayemjazia fomu pale steshenari kamwambia, "Weka hapana bwana, watajuaje?" Yeye mwenyewe anauliza: "Si Mungu alishafuta?"

Nianze na hilo, maana ndilo linalowachanganya wengi. Ndiyo, Mungu alishasamehe. Padre akishakuondolea dhambi, imeondoka kweli, usikae unaifukua kila usiku. Lakini fomu haiulizi kama una dhambi. Inauliza jambo lililotokea mahakamani, na jalada la mahakama halifutwi na kitubio. Fomu ya Marekani, DS-160, iko wazi kabisa: inauliza kama umewahi kukamatwa au kutiwa hatiani, hata kama baadaye ulipewa msamaha. Kwa hiyo ukiweka "hapana", husemi habari za roho yako. Unasema uongo mpya, ambao hukuuungama bado.

Ila tusipitilize. Katekisimu, namba 2489, inafundisha kwamba halazimiki mtu kumfunulia ukweli asiye na haki ya kuujua. Majirani wa Mbagala hawana haki ya kujua kesi yako. Ofisa wa viza anayo, kwa kile alichouliza, kwa sababu nchi ina haki ya kumjua mgeni inayempokea. Kwa hiyo lisome swali lenyewe. Faini ya 30,000 uliyoandikiwa na trafiki Barabara ya Kilwa ukailipa kwa kontroli namba si sawa na hukumu ya mahakama. Fomu nyingine zinataka kesi na hukumu tu. Ya Uingereza inataja na adhabu za udereva, kwa mfano kufungiwa leseni kwa sababu ya mwendokasi au kukosa bima. Soma maelezo yaliyo chini ya swali kabla hujabonyeza.

Halafu huyo wa steshenari hatakuwepo wakibaini. Jina na tamko ni lako. Uingereza inaweza kukufungia miaka 10 kwa udanganyifu, Kanada miaka 5, na Marekani kifungo hicho kinaweza kuwa cha maisha. Wakati faini moja ya miaka kadhaa iliyopita, ikielezwa vizuri, mara nyingi haitoshi peke yake kumnyima mwanafunzi viza! Sisemi tuwe wakweli kwa kuogopa kufungiwa. Kwenye Mathayo 5:37 Yesu anataka neno letu liaminike bila hata kuapa, na hiyo inahusu pia kisanduku kidogo cha ndiyo na hapana.

Kwa huyu ndugu yetu, basi: nenda masjala ya mahakama ile ukaombe nakala ya hukumu, tafuta risiti ya faini, na uombe polisi cheti cha tabia njema. Kwenye fomu weka "ndiyo", kisha andika tarehe, mahakama, kosa, adhabu, na kwamba ulilipa. Mistari minne inatosha; huhitaji kujitetea wala kulia.

Na kama kuna mwingine anayesoma hapa ambaye fomu yake ilishakwenda na "hapana", na jibu bado halijatoka, aandike barua ya kusahihisha leo, asisubiri kuitwa.