Binti Anataka Kitabu cha Majini: Nimpe au Nimfiche?

"Dada, mimi ni mama wa watoto watatu, nina mgahawa hapa Shelui, kando ya barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Kaka yangu amekuja likizo na vitabu vitatu: Adili na Nduguze, Mashimo ya Mfalme Sulemani, na kimoja cha Kiingereza, The Hobbit. Binti yangu wa kwanza yuko darasa la nne na anasoma kila kitu, mpaka magazeti ya kufungia maandazi. Sasa anang'ang'ania hicho cha Mashimo, anadhani ni habari za wachimbaji wa hapa kwetu. Mama mkwe amesomewa Adili akasikia kuna jini, akasema vitabu vya namna hiyo vinaingiza mambo ndani ya nyumba. Baba watoto anasema asubiri sekondari. Kaka yangu anasema tunamchelewesha. Mimi niko katikati. Mtoto anakuwa tayari lini?"

Mdogo wangu. Usinune. Wenzako wananiandikia kuhusu watoto wasioachia simu, wewe nyumba nzima inagombania vitabu. Nakuonea wivu kidogo.

Nianze kwa kusema kwamba wote hapo kwako wana hoja, ila mnatafuta jibu moja kwa vitabu vitatu. Binti huyohuyo anaweza kuwa tayari leo usiku kwa kimoja, na kwa kingine akahitaji miaka minne. Kwa hiyo tuvichukue kimoja kimoja, na tumwangalie mtoto mwenyewe kuliko cheti chake cha kuzaliwa.

Maana umri unadanganya. Mwaka 1936 mchapishaji mmoja wa London, Stanley Unwin, alipelekewa muswada wa hicho hicho The Hobbit cha J. R. R. Tolkien. Hakuwapa maprofesa waupime. Alimpa mwanawe Rayner, mtoto wa miaka 10, kwa ujira wa shilingi moja. Rayner akasoma, akaandika taarifa yake fupi kwamba kitawafaa watoto wa miaka 5 hadi 9. Mwaka 1937 kikatoka, na hadi leo dunia nzima inakisoma, wazee kwa watoto. Mwambie baba watoto habari hiyo. Kisha mwambie kaka yako upande wa pili wake: Rayner alikuwa anasoma lugha aliyonyonya kwa mama yake. Binti yako Kiingereza anakutana nacho darasani, na kengele ikilia anakiacha hukohuko.

Kwa hiyo The Hobbit kisubiri. Akikianza sasa atakuwa anatafuta maneno kwenye kamusi huku joka limelala juu ya dhahabu yake bila mtu wa kuliamsha. Hadithi itageuka zoezi la sarufi, na mtoto aliyechoshwa na kitabu kizuri hakirudii kirahisi. Mpe akifika kidato cha pili hivi, siku ambayo anaweza kusoma ukurasa wa Kiingereza na kucheka mahali pa kucheka bila wewe kumwambia. Na kaka yako akitaka kuongeza The Lord of the Rings, mwambie asubiri zaidi. Tolkien aliitoa mwaka 1954 na 1955, na humo ameandika kwa ajili ya watu wazima.

Sasa tuje kwa mama mkwe, maana huyo ndiye mwenye hoja nzito kuliko mnavyodhani.

Muulize kwa adabu: watoto wa ukoo huu walilala na hadithi gani? Atakwambia za zimwi lililomeza kijiji kizima na ng'ombe wake, mpaka kijana mmoja akalipasua tumbo watu wakatoka. Atakwambia za fisi anayevaa ngozi ya mtu akaja kuposa. Binti yako amezisikia hizo tangu hajajua kuhesabu, na asubuhi aliamka akaenda kuchota maji. Kutishwa na hadithi si jambo geni kwake.

Tofauti ni kwamba bibi anaposimulia anamwona mtoto. Akiona macho yamemtoka, anafupisha. Akiona anasinzia, anaingiza wimbo. Kitabu hakimwoni msomaji wake. Kinaendelea kutisha hata kama mtoto amejikunyata peke yake kwenye godoro na taa ya sola inafifia. Ndiyo maana nasema kitabu cha kwanza cha majini kisiende mikononi mwake. Kiende mikononi mwako, masikioni mwake.

Na hapo Adili na Nduguze ndicho cha kuanzia, tena wiki hii. Shaaban Robert alikitoa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni chembamba, na hadithi yake inashika. Liwali Adili ana manyani wawili ambao kila usiku anawachapa, kisha anawabembeleza na kuwalisha. Mfalme Rai anataka kujua sababu. Tunakuja kugundua kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya husuda yao. Mizizi yake iko kwenye Alfu Lela Ulela, ila Shaaban Robert ameijenga upya hata majina yenyewe yanahubiri.

Kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni lugha. Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, aliyezaliwa mwaka 1909, na Kiswahili chake kina maneno ambayo hata wewe hujayasikia Shelui. Usisimame kila neno. Endelea, maana ya sentensi itakuja yenyewe, na neno likigoma kabisa mtaliulizia kesho kwa mwalimu. Cha pili ni ile fimbo ya kila usiku. Atakuuliza, "Kama anawapenda, mbona anawachapa?" Usikimbilie kujibu. Muulize yeye anaonaje. Mtoto wa darasa la nne ana maoni makali sana kuhusu fimbo, na hapo utasikia mengine ambayo hakuwahi kukwambia kuhusu nyumbani na shuleni.

Umeniuliza atakuwa tayari lini kusoma mwenyewe. Mpime hivi. Msomee kurasa mbili, ya tatu mpe aisome kwa sauti, halafu funga kitabu umwambie akusimulie. Akiweza kusema nini kimetokea, macho yake yamekomaa. Akiuliza kwa nini kimetokea, au akakisia kitakachofuata, akili yake imekomaa pia, na unaweza kumwachia kitabu. Akisoma maneno yote vizuri lakini hawezi kusimulia hata tukio moja, bado anasoma kwa mdomo tu. Hiyo si aibu wala si sababu ya kumnyima. Endelea kumsomea, maana masikio ya mtoto hutangulia macho yake kwa miaka kadhaa.

Sasa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Kitabu hicho kiliandikwa na Mwingereza, H. Rider Haggard, mwaka 1885, na Frederick Johnson akakileta kwa Kiswahili mwaka 1929. Vizazi vya wasomaji wetu vimeacha chakula kikapoa kwa sababu yake. Wazungu watatu wanavuka jangwa na milima kumtafuta ndugu wa mmoja wao aliyekwenda kutafuta almasi, mtumishi wao anakuja kujulikana kuwa ni mfalme halali, kuna vita, kuna pango la hazina. Utamu wake sina ugomvi nao.

Lakini ndani yake yumo Gagula, kikongwe mchawi mwenye kunyoosha kidole, na anayenyooshewa kidole anauawa. Mtoto wa London akimsoma Gagula, anafunga kitabu anakwenda kulala. Mtoto wetu anafunga kitabu, kesho yake anapita nyumba ya bibi kizee anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu kwa sababu ya moshi wa jiko la miaka sitini. Sisi wa Kanda ya Ziwa na mikoa jirani hatuhitaji kuelezwa macho hayo yamewagharimu nini wazee wetu. Vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo tu. Ndugu zetu wenye ualbino nao wamewindwa kwa sababu waganga waliahidi watu utajiri, na sehemu zenye machimbo uvumi wa namna hiyo hupata wasikilizaji haraka. Mtoto hutegemea sana maneno ya wakubwa, na wakubwa wakisema uchawi kwa sauti ya habari ya kweli, yeye Gagula atamsoma kama taarifa.

Kwa hiyo kabla ya kumpa kitabu chochote chenye mchawi, kiwe hiki au Narnia ya C. S. Lewis ambayo shule nyingi za Kiingereza zinayo, muulize swali moja mkiwa mnaosha vyombo: "Hivi hapa kwetu, wewe unadhani mchawi ni nani?" Akicheka, au akisema wachawi wako kwenye hadithi, vizuri. Akikutajia jina la bibi wa jirani, kitabu kisubiri. Kwanza mchukue mkono, mpeleke kwa huyo bibi na sukari kidogo, wakae, wazungumze, arudi tena wiki ijayo. Hilo ni la kufanya hata kama hutanunua kitabu kingine maishani mwako.

Liko na la pili. Haggard alitazama Afrika kwa macho ya watu wa wakati wake, na kwake hazina ya Waafrika ilikuwa inamsubiri Mzungu aje aichukue. Binti yako anaishi jirani na Sekenke, ambako dhahabu ilianza kuchimbwa mwaka 1909 wakati wa Wajerumani, na kila siku anaona watu wakitoka kwenye maduara ya machimbo na vumbi usoni. Akikua kidogo, atakuwa na maswali ambayo Haggard hakuyafikiria: yale mawe yalikuwa ya nani, nani aliyachimba, nani aliondoka nayo mfukoni? Msomaji mwenye maswali hayo yuko tayari kwa Mashimo. Nakadiria kidato cha kwanza au cha pili, na msome pamoja, kwa sababu nataka nawe uwemo kwenye mabishano.

Kati ya hapo na pale msimwache na njaa. Darasa la sita mpeni Kusadikika, cha Shaaban Robert tena, cha mwaka 1951. Kinahusu nchi iliyo angani, na mtu anayeitwa Karama anajitetea barazani kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Mjumbe mmoja kwa jioni moja, wiki moja imekwisha. Siasa iliyomo ataielewa akiwa mtu mzima, kwa sasa safari zinamtosha. Na mkibahatika kukutana na Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya mwaka 1940 ambayo michoro yake inamwonyesha Elisi kuwa msichana wa Kiafrika, msiulize bei mara mbili. Ulizieni pia kwenye maktaba za mikoa. Kaka yako mwenye bidii apewe kazi hiyo.

Utajuaje kama umekosea kipimo? Kuogopa kwenda choo cha nje usiku si dalili, hata mimi naogopa. Dalili ni mtoto kukosa usingizi siku kadhaa mfululizo, kumwogopa mtu halisi ambaye jana alimsalimia, au kuacha kuzungumzia kitabu kabisa. Ukiona hayo, funga kitabu bila kumwaibisha, mwambie tutarudi. Ukiona anawasimulia wadogo zake, anawagawia majina, wewe Hasidi wewe Mwivu, na anabadilisha mwisho kwa sababu wa Shaaban Robert haujampendeza, mwache. Anakwenda vizuri.

Mama mkwe msimpite pembeni. Mkaribisheni yeye aanze, asimulie ya kwake moja, ndipo wewe ufungue Adili. Nakuhakikishia ukurasa wa tano atakuwa anamshauri Adili. Na kama imani ya nyumba yenu inakataa jini hata la hadithi, msigombane, anzeni na hadithi za Abunuwasi mcheke wote.

Mwisho, kile cha Mashimo usikifiche chini ya godoro. Kitabu kilichofichwa ndicho husomwa kwanza, tena gizani, tena bila mtu wa kumuuliza. Kiweke mahali anapokiona, andika jina lake ndani, na umwambie waziwazi: hiki ni chako, tutakifungua pamoja ukiingia sekondari, na sababu ni hizi. Ataona umemnyima siku, hujamnyima kitabu. Akikubana kabla ya wakati, mrudie lile swali la mchawi na ule mtihani wa kusimulia. Akifaulu yote mawili mapema kuliko nilivyokadiria, niandikie unikosoe.