Kompyuta mpakato inayowaka siku ikitaka

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kimuli, Kyerwa. Kompyuta mpakato yangu ya zamani leo inawaka, kesho inagoma. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na umeme, mwalimu. Chomoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, kisha chomeka chaja peke yake. Ikiwaka, shuku betri. Ikigoma, fundi apime chaja kwa mita. Nyingi hutoa volti 19 hivi, soma kibandiko. Taa ya chaji ikizimika ukitikisa pini ya chaja, huenda tundu la chaji limelegea, lichomelewe upya. Taa ya kompyuta ikiwaka lakini skrini ni nyeusi, toa chaja na betri, chomoa RAM (kadi ya kumbukumbu), sugua meno yake kwa ufutio, irudishe. Na siku itakapowaka, nakili mitihani yako kwenye flashi mara moja.