Somo kwa Mafundi: Kuiweka Sawa Randa ya Mashine

Mafundi seremala, pamoja na watumishi wanaopokea samani za Serikali, wanakumbushwa kuwa dawati linaloyumba mara nyingi huwa limeharibika kabla ya kuunganishwa, pale mbao zake zilipopita katika mashine isiyo sawa. Jambo hilo lilikuwa na uzito wake mwaka 2016, Serikali ilipoagiza uhaba wa madawati umalizwe ifikapo mwisho wa Juni. Kwa karakana iliyo mbali na miji mikubwa, kama vile Balangdalalu wilayani Hanang, Mkoa wa Manyara, fundi hana budi kuielewa mashine yake mwenyewe.

Randa ya mashine ina meza mbili, ya kuingizia mbao na ya kutolea, na baina yake huzunguka ngoma yenye visu. Kanuni kubwa ni kuwa meza ya kutolea ilingane kabisa na ncha za visu vinapofika juu. Ikiwa juu zaidi, mbao hugonga ukingo wa meza. Ikiwa chini, mwisho wa mbao hudondoka na kuliwa shimo. Shimo hilo ndilo ambalo wengi hulificha kwa gundi na vumbi la mbao, nalo hurudi kuonekana baada ya miezi michache.

Kupima ni kazi nyepesi. Umeme ukatwe kwanza, na waya uchomolewe. Rula ya chuma iliyonyooka ilazwe juu ya meza ya kutolea, ipite juu ya visu, kisha ngoma izungushwe kwa mkono, polepole. Kila kisu kiiguse rula kidogo tu, na kwa kiasi kile kile katika ncha zote mbili. Kisu kimoja kikizidi, hicho peke yake ndicho kitakachokata, na mbao itatoka na mawimbi.

Bara, vumbi la kiangazi huingia katika beringi, hivyo mashine ipigwe brashi kila jioni. Visiwani adui ni kutu ya hewa ya chumvi. Meza ikisuguliwa kwa mshumaa, kutu hupungua na mbao huteleza vizuri.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, inayotumika Tanzania Bara, inataka sehemu za hatari za mashine zikingwe. Kikinga visu kisiondolewe, glavu zisivaliwe, na kipande kilicho chini ya sentimita 30 kirandwe kwa randa ya mkono.